Mbizi Arobaini Bila Kulowa

Nimepiga mbizi Mnemba, Zanzibar, kasa akanipita taratibu kama mzee anayetoka sokoni. Nimezama Watamu, Diani na Kisite. Kule Mafia nimeelea kando ya potwe, papa mkubwa kuliko matatu, nikasahau kupumua. Maldives nilishuka usiku, nikazima tochi, nikaona maji yenyewe yakimetameta kila nilipopunga mkono.

Haya yote niliyafanya nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki mjini Wote, Kaunti ya Makueni, mgongo ukiuma, laptopu ikiwa juu ya mtungi wa maji nilioupindua ukawa meza. Sijui kuogelea. Mara ya mwisho kuingia kwenye maji yaliyonipita kiuno nilikuwa darasa la sita, kwenye silanga ya kijiji, na nilichapwa kwa hilo.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikwama, kisha mimi nikakwama nayo. Wenzangu wengi walikuwa tayari wanawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, na mimi nikajiona msafi kwa sababu nilichagua makala za utalii. Mteja wangu, ambaye simtaji na ambaye sijawahi kuona uso wake, alikuwa na masharti matatu: maneno 1,200, lugha changamfu, na nafsi ya kwanza. "Msomaji anataka kujua wewe ulihisi nini," aliniandikia. Hakuniuliza kama nimewahi kuzama. Nami sikumwambia kwamba sijawahi. Ukimya huo ndio uliokuwa mkataba wetu.

Makala arobaini, miezi kumi na minne. Zililipa kodi ya bedsita. Zilinunua maji kwa mwenye punda siku ambazo mfereji ulikuwa unatoa hewa tu. Zilimtumia mama pesa ya dawa. Sisemi haya ili unihurumie. Nataka tu uijue hesabu kabla hatujafika kwenye swali lenyewe, ambalo ni hili: ukiandika "niliona" na hukuona, umemkosea nani?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa rahisi: hakuna mtu. Na nilikuwa na hoja, si ati nilijiamulia tu.

Hoja ya kwanza ni ya mwalimu wa historia. Mwalimu wangu wa sekondari alitufundisha Vita vya Maji Maji, na hakuwa Umatumbi mwaka wa 1905. Karibu kila kitu tunachokijua tumeambiwa na mtu. Sijawahi kuona moyo wangu mwenyewe, lakini naamini upo. Kama kila mtu angesubiri kuona ndipo aseme, shule zote zingefungwa kesho. Kwa hivyo nikiketi Wote, nikasoma ripoti na vitabu, nikatazama video za wazamiaji mpaka saa nane usiku, kisha nikaandika ukweli kuhusu bahari, kuna ubaya gani?

Hoja ya pili ni ya mwandishi wa hadithi. Yeye husema "mimi" na si yeye. Anaweza kusema "mimi ni mjane wa miaka sitini" naye ni kijana wa Umoja mwenye ndevu tatu. Hakuna anayempeleka polisi.

Hoja ya tatu haikuwa hoja, ilikuwa njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilijiambia kwamba anayeweza kulipa kushuka baharini na mtungi wa hewa mgongoni ataweza pia kuvumilia uongo mdogo wa mtu anayenunua maji kwa mtungi wa lita ishirini. Mtungi wake na mtungi wangu viliitwa jina moja, na mimi nikaiona hiyo kuwa haki ya kutosha.

Halafu mwezi wa nane mteja akanitumia ujumbe wa msomaji, akataka niujibu "kama mwandishi".

Alikuwa mwanamke aliyekuwa anapanga fungate na mumewe. Walikuwa wamekata tiketi za kuja Pwani ya Kenya, na walikuwa wanafuata ratiba niliyoandika, siku kwa siku. Alisema kwa upole kwamba walisoma makala nyingi lakini wakaichagua yangu kwa sababu ilionekana wazi kuwa naijua bahari. Siku ya mwisho, kama nilivyoshauri, wangepiga mbizi mbili asubuhi Diani, wale, wafunge mizigo, kisha jioni wapande ndege kwenda Nairobi kuunganisha safari ya kwao. Swali lake lilikuwa moja tu: kati ya mbizi na ndege, ningewashauri wale wapi samaki mzuri?

Nilianza kutafuta mkahawa. Katika kutafuta, nikaangukia ukurasa wa mafunzo ya wazamiaji, na humo nikakutana na kanuni ambayo kila mtu aliyesomea kazi hiyo anaijua kama dereva anavyoijua taa nyekundu: ukitoka majini, usipande ndege siku hiyo.

Acha nieleze, maana mimi mwenyewe niliielewa usiku huo. Hewa tunayopumua sehemu kubwa ni naitrojeni. Hapa juu haitusumbui. Lakini kila mita kumi unazoshuka baharini, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukiwa mita kumi umebeba mara mbili; mita ishirini, mara tatu. Mgandamizo huo huisukuma naitrojeni iingie kwenye damu na nyama, ikatulia humo. Ukipanda polepole inatoka polepole kwa pumzi. Ukipanda haraka, inafanya kile ambacho soda hufanya ukiifungua baada ya kuitikisa. Mapovu. Kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, kwenye ubongo. Na ndege, hata ikijazwa hewa, haikupi hewa nzito kama ya ufukweni. Ni kama kukupandisha mlimani kwa dakika chache. Ndiyo maana wazamiaji huambiwa wasubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 ikiwa umezama zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo. Wengi husubiri siku nzima ili kulala usingizi.

Na si ndege tu. Kupanda ni kupanda. Wote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Mimi mwenyewe, ningekuwa kweli nimezama Diani asubuhi nikarudi nyumbani kwa basi, nikipita Voi, Mtito Andei, Makindu, ningekuwa naupandisha mwili mlima bila kuuambia. Mtu aliyezama kweli na anayeishi Makueni angelijua hilo kabla ya kitu kingine chochote. Mimi sikulijua, na nilikuwa nimezama mara arobaini.

Nikarudi kwenye makala yangu kutafuta sentensi ile niliitoa wapi. Sikuitoa popote. Niliiandika kwa sababu ilikuwa tamu: asubuhi chini ya bahari, jioni juu ya mawingu. Nilikuwa natafuta mwisho mzuri wa aya.

Nikiwa hapo nikagundua la pili. Ile "nikasahau kupumua" niliyoipenda sana, niliyoiweka kwenye makala si chini ya tano, ndiyo kosa la kwanza ambalo mwanafunzi wa skuba hukatazwa. Usizuie pumzi. Hewa uliyoivuta chini hutanuka unapopanda, na mapafu yaliyofungwa yanaweza kupasuka hata kwenye kina kidogo. Msomaji yeyote mwenye uzoefu angenicheka. Asiye na uzoefu angeniamini, na huyo ndiye niliyekuwa namwandikia.

Usiku huo nilimjibu yule mwanamke. Nilimwambia asizame siku ya mwisho, apumzike ufukweni, ratiba niliikosea, amuulize mkufunzi wake kuhusu saa za kusubiri. Mkahawa sikumtajia, sikuujua hata mmoja. Nikamwandikia na mteja, sentensi ikabadilishwa kabla ya alfajiri.

Sasa hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Kosa limerekebishwa. Kila kilichobaki kwenye makala ni kweli: kasa wapo, miamba ipo, hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na mabaharia wanaowapeleka wageni wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Je, ile "mimi" bado ina kosa? Au kosa lilikuwa la ukweli mmoja tu, kama la mwalimu aliyekosea tarehe?

Nilitaka sana jibu liwe la mwalimu. Lakini nikajiuliza: kwa nini yule mwanamke hakuhakiki? Hakuwa mjinga. Aliuliza kuhusu chakula, hakuuliza kuhusu ndege. Angesoma "inasemekana unaweza kuruka jioni", angesita. Angesoma "nimesoma mahali", angeuliza ni wapi. Lakini alisoma "siku yangu ya mwisho nilizama asubuhi, jioni nikaruka", na hapo mwandishi alikuwa mbele yake, mzima, hana kovu, anacheka. Mwili wangu ndio uliokuwa ushahidi. Mwili ambao haukuwahi kulowa.

Hapo ndipo hoja zangu mbili zilipovunjika. Mwalimu wa historia hakuniomba niamini kwa sababu alikuwepo. Aliniomba niamini kwa sababu kuna vitabu, na kitabu chake ningeweza kukifungua mwenyewe. Mwandishi wa hadithi naye ameniambia mlangoni kwamba humu ndani kuna hadithi. Tumekubaliana kabla ya kuingia. Lakini mimi niliutumia uongo kuizima shaka ya msomaji, ile shaka ambayo ndiyo kinga yake. Kabla ya kumpa habari yoyote, kweli au si kweli, nilikuwa nimemnyang'anya kitu ambacho angekitumia kuipima.

Mzamiaji hupumua hewa iliyojazwa na mtu mwingine. Anayejaza mitungi yuko nyuma ya duka, mtu hamjui, na akikosea, moshi wa injini ukaingia kwenye mtungi, anayeujua uchungu wake ni aliye chini. Anachoweza kufanya aliye juu ni kutosema "nimeikagua" kama hajaikagua. Nafikiri kuandika kwa nafsi ya kwanza ni kazi ya namna hiyo.

Na njaa je? Sijaijibu, na sitaki kuiruka kama watu wa semina. Njaa inaeleza kwa nini nilifanya. Haibadilishi niliyemfanyia. Ukiwa na njaa na ukachukua embe la jirani, jirani amepungukiwa embe. Mimi nilijidanganya kwamba jirani yangu ana maembe mengi mno kiasi kwamba hata shingo yake si yake.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini lipo la pili, na hili ni zito zaidi kwangu.

Wiki iliyofuata nilienda kwa susu yangu, upande wa Mwingi, Kitui. Susu ana desturi ya kuuliza kazi yako hadi aielewe. Nikamweleza.

"Naandika kuhusu watu wanaozama baharini, Susu. Wanavaa mitungi ya hewa."

"Wanazama kutafuta nini?"

"Samaki."

"Wanawavua?"

"Hapana. Wanawatazama tu, halafu wanarudi."

Akanyamaza, akaendelea kuchambua pojo. Kisha akauliza, "Na aliyekufa maji ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, Susu. Ni starehe."

"Wewe uliwaona?"

Nilifungua mdomo, na neno lililokuja kwanza, kwa mazoea, lilikuwa ndiyo.

Ili uelewe kwa nini aliuliza vile, lazima ujue mbizi ni nini kwetu. Wakenya wengi tulijifunza neno "wapiga mbizi" mwaka wa 2019, mwezi wa tisa, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni likiwa na mama na binti yake. Siku kumi na tatu taifa zima lilitazama maji kwenye runinga. Walipotolewa, walikuja kuzikwa huku Makueni. Na sisi wa Kitui tulijifunza tena tarehe 4 Desemba 2021, Jumamosi, basi lililobeba waimbaji wa kwaya waliokuwa wakienda harusini liliposombwa na mto Enziu. Enziu, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ng'ombe huuvuka bila kulowa kwato. Zaidi ya watu 30 walikufa siku ile, katika kaunti ambayo huombea mvua.

Mimi nilikuwa nyumbani. Kesho yake nilisimama kwenye ukingo pamoja na watu wengine. Walikuwepo wazamiaji wa jeshi la majini, na walikuwepo vijana wa huku wanaojua maji. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, huoni hata goti lako. Mtu alikuwa anashuka, kimya, sisi sote tunashusha pumzi. Halafu kichwa kinatoka, mdomo wazi, anavuta hewa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima, na kabla hajasema lolote, macho yake yanamtafuta wa kumwambia.

Hiyo ndiyo mbizi pekee niliyowahi kuiona kwa macho yangu.

Na niliiuza. Kwenye makala yangu ya tatu au ya nne, ile ya Mnemba, nilikwama kwenye aya ya kutoka majini. Sikujua kunakuwaje. Nikafumba macho, na kilichokuja ni kichwa kile, mdomo ule, sauti ile. Nikabadilisha maji kuwa ya samawati. Nikaweka mashua, kitaulo na nanasi. Mteja alisema ndiyo aya bora niliyowahi kumwandikia. Aya hiyo ilinipatia nyongeza ya malipo.

Nimejiuliza mara nyingi kama hili nalo ni kosa, au ni uchungu tu. Waandishi wote huchota kwenye walichokiona. Hakuna aliyedhurika, yule kijana hajui, na familia za Enziu hazitasoma makala ya fungate. Hakuna sentensi ya kurekebisha pale. Kila neno kuhusu Mnemba linaweza kuwa sahihi.

Lakini nadhani kuna aina mbili za uongo wa shahidi. Wa kwanza ni kusema uliona ambacho hukuona. Wa pili ni kuchukua ulichokiona kweli na kukisemea jambo lingine. Zamani kwetu watu waliapa kwa kithitu, na kiapo hicho kiliogopwa kwa sababu kilimfunga msemaji kwa alichokisema, yeye na nyumba yake. Sisemi kithitu kitanifuata kwenye bedsita. Nasema waliokiogopa walijua kwamba kuona jambo ni kupewa amana. Pale ukingoni nilipewa kitu kimoja cha kubeba. Nilipofika sokoni nikakibandika bei ya kitu kingine, na tangu hapo kila ninapokumbuka Enziu, nanasi liko kwenye picha. Aliyedhurika yupo. Ni kumbukumbu yangu ya wale watu, na sina nyingine.

Nilimwandikia mteja. Nilimwambia sijawahi kuzama, kwamba naweza kuendelea kuandika kuhusu mbizi lakini kwa nafsi ya tatu, nikitaja nilikopata habari, au nizungumze na wazamiaji wa Shimoni na Watamu niwaache waseme wao kwa "mimi" yao. Niliomba pia aya ya Mnemba iondolewe. Alijibu kwa adabu. Alisema ananielewa, kwamba wasomaji wake wanataka sauti ya mtu, na kwamba waandishi wake wengi hawajawahi kufika wanakoandikia, hilo analijua. Aya haikuondolewa, alikuwa ameinunua, ni yake. Kazi zikapungua, kisha zikaisha. Sasa naandika maelezo ya vifaa vya sola kwa nafsi ya tatu, kwa pesa ndogo, na mwezi uliopita nimekopa kodi.

Sitaki utoke hapa ukidhani kwamba ukisema kweli mlango mwingine hufunguka. Haujafunguka. Wala siwadharau wanaoendelea; nawajua, baadhi yao ndio walionikopesha.

Siku ile kwa Susu, baada ya kumaliza pojo, tulishuka mtoni kuteka maji. Ulikuwa umekauka, mchanga umetanda mweupe, lakini huku watu wa mwethya walijenga ukuta kuvuka mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga. Unachimba kwa kata hadi mkono wote uingie. Maji ya kwanza ni machafu. Unayamwaga. Ya pili pia unayamwaga. Halafu unangoja.

"Hukunijibu," Susu alisema. "Uliwaona hao watu wa samaki?"

"Hapana, Susu. Sikuwaona."

"Sawa," akasema, akanipa kata, na tukaendelea kungoja maji yatulie.